Amri Niliyoisoma kwa Baba Mkwe

Ukitaka usiniamini, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, Kyela mjini, mchana, mvua ikinyesha. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofanywa huria na mitumba ikaingia ya kila aina, hadi kompyuta. Chuo kilichoniajiri kwa majaribio kililetewa moja ya ajabu. Prosesa yake, yaani ubongo wake, haikuwa ile tuliyoizoea, programu za kawaida ilizikataa zote. Nikaiwekea mfumo endeshi huru, ule unaogawiwa bure na yeyote anaruhusiwa kuurekebisha. Ukaingia vizuri. Kazi ikawa kuuamsha. Kompyuta ikiwashwa lazima kwanza iambiwe mfumo uko wapi, na hii ilisimama tu kwenye skrini nyeusi ikingoja amri nisiyoijua. Wanafunzi walikuwa wanaanza Jumatatu. Nikishindwa, kibarua kimeota nyasi.

Baba mkwe tulikuwa tumemzika kijijini Busale juzijuzi. Mkulima wa mpunga, kompyuta hajawahi hata kuigusa. Sura yake sikuijua. Unashangaa nini? Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe. Yeye akikaribia hukohoa, nawe unajificha. Miaka yote ya ndoa nilimjua kwa kikohozi, na hata jeneza lilipofunguliwa sikusogea.

Basi nilikuwa nimeinama chini ya meza nikichomeka waya, nikasikia kikohozi kile kile. Sikufikiri. Nikavuta kanga usoni, nikageukia ukutani. Kiti kikatoa mlio. Vitufe vikaanza kugongwa polepole, kimoja kimoja.

"Usigeuke, mkamwana," alisema. "Itawaka."

Ningetii. Lakini mashine ile haikuhifadhi amri. Mfumo ukiamka skrini inafutika, na umeme wa Kyela unaujua. Ukikatika nimwite nani? Nikageuka, nikaisoma yote. Kisha nikamwona. Alikuwa amelowa. Hakukasirika, aliufunika tu uso kwa viganja, mtu mzima yule, akatoka kwenye mvua.

Kazi niliipata, na mashine ikafanya kazi miaka mingi. Nilidhani ningeogopa, au ningelia. Sikuhisi kitu, na mpaka leo sihisi.

Wazee husema mkamwana akimtazama baba mkwe kizazi hufunga. Nilikuwa na mimba changa. Ilitoka wiki ile, na nyingine haikuja. Mume wangu alioa mke mwingine, wala simlaumu.

Wewe, mtu uliyemzika akikuambia usigeuke, usigeuke. Kazi nyingine utapata.