Kiatu cha Kushoto

Juzi, pale Igoma, niliona kiatu kimoja cha mtoto kwenye meza ya mitumba, nikasikia tena harufu ya gundi. Baba yangu, fundi wa miguu ya bandia serikalini, alinukia gundi hata Jumapili kanisani.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, mimi na Baba tulipanda kivuko hadi Nansio kumpelekea Neema, binti aliyekatwa mguu wa kushoto, mguu wake wa bandia. Uani kwao dagaa walikuwa wameanikwa. Mama yake alitoa kiatu cha kushoto alichokifunga kwenye gazeti, kipya kabisa. Cha kulia Neema alikuwa ameshakichakaza. Baba akauvisha mguu kiatu, akamfunga Neema mguu huo, akamsimamisha. Neema akaelemea upande wa kushoto. Alipimwa zamani, vifaa vikachelewa mno kuja, na sasa mguu ulikuwa mfupi.

"Utusamehe, fundi," mama yake alisema. "Mtoto amekua. Na kiatu mwende nacho tu."

Nikaamini kosa ni la Neema. Kwenye kivuko nikauliza, "Baba, kwa nini hakutusubiri?"

Baba aliyatazama maji mpaka tukafika Mwanza.

Miaka mingi baadaye, tulipomaliza matanga ya Baba, tulilifungua sanduku lake la kazi. Mguu wa Neema ulikuwamo, bado umevaa kiatu.