Mistari Usawa wa Kifua

Katika bustani ile ya mji, unene wa mti ulipimwa usawa wa kifua. Kifua cha nani, hakuna aliyeuliza. Kwa miaka minne kilikuwa kifua cha mke wa mtunza bustani, mzee ambaye wenzake kazini walimwita Mzee Futi. Mkewe alisimama kwenye shina, akachora mstari mweupe wa rangi usawa wa kifua chake, akazungusha futi, mumewe akaandika daftarini. Mengine aliyatia mke mwenyewe pembeni mwa kurasa: tundu la bundi, mti wa popo, kenge wa bwawani mwenye kiburi cha mwenye nyumba. Walianzia langoni mwaka wa kwanza, wakamalizia bwawani mwaka wa nne. Miezi mitatu baadaye saratani ya uti wa mgongo ikamchukua, na daftari likabaki kwenye kabati la ofisi.

Sasa akaja mpimaji, binti mpole mwenye mashine ya kuchorea ramani, akasema kipimo ni sentimita mia na thelathini kutoka ardhini. Lakini alimhurumia mzee. Kama mistari yote iko kimo kimoja, alimweleza, hesabu zitarekebishika, na kazi ya marehemu itaingia kwenye ramani na jina lake chini. Kama imepanda na kushuka, daftari zima halifai.

Mzee Futi alicheka. Mke wake ayumbe? Mwanamke aliyepanga vikombe mipini yote ikitazama dirishani, na ukigeuza kimoja mmekosana? Alichonga fimbo, akaitia alama, akaenda langoni akiringa.

Mti wa kwanza, mia na ishirini na nne. Wa pili, vilevile. Siku nzima fimbo ilimpa heshima. Kesho yake kwenye bembea za watoto, eneo la mwaka wa pili, ikawa mia na ishirini na moja. Akalaumu mvua kwamba imejaza udongo. Kwenye mikaratusi ya mwaka wa tatu ikawa mia na kumi na sita, na pale chini palikuwa na sakafu. Hakupata wa kumsingizia.

Asubuhi ya nne alifika bwawani. Alikumbuka alivyotania kwamba miti ya huku imenenepa kwa kunywa maji ya bure, maana hesabu zilikuwa kubwa. Mkewe alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Umechoka?"

"Mgongo tu, baba watoto. Andika."

Naye akaandika. Shina huzidi unene kadiri unavyoshuka. Hilo alilijua kabla hajaota ndevu. Wanasema macho hayana pazia. Yake yalikuwa nalo, na pazia lenyewe lilikuwa daftari.

Mstari wa mti wa mwisho ulikuwa mia na nane. Alitaka kuweka kifua chake kwenye mstari ule, ikabidi apige magoti. Hapo ndipo mpimaji alipomkuta analia. Binti alitazama fimbo, akasema taratibu kwamba mistari inashuka, pengine mama alikuwa anachoka.

"Alikuwa anainama," mzee akasema. "Mwaka baada ya mwaka anainama mbele yangu, mwanangu, na mimi naandika."

Daftari lilirudi kabatini, na kazi ikaanza upya langoni. Mpimaji akashika ncha ya futi, akainama kuipitisha nyuma ya shina. Mzee hakufungua daftari jipya. Alimwuliza kwanza kama mgongo unamuuma.