Kinga ya Tshibola

Bantu ya Manika, mutaa yetu hapa Kolwezi, bangali bananiuliza: "Mama Mianda, ni kweli mudogo yako Tshibola alitoka Bulaya na kinga?" Ni kweli. Na ule anayesema ni uongo, akuje hapa aniambie mu macho.

Kinga ni baiskeli. Siye ya Kolwezi tunajua vile tangu butoto. Ni baba yetu tu, Tata Mukendi, njo alisahau, na alisahau mara moja tu, siku telegramu ilifika.

Ilikuwa mwaka 1973. Tshibola alikuwa amemaliza miaka tatu mu Liège, anasoma kazi ya kutunza bagonjwa. Telegramu ilitoka Dilolo, ku mupaka ya Angola, maneno mine: NAFIKA POSHO NA KINGA. Posho ni samedi, Jumamosi, hiyo haikuwa na shida. Shida ilikuwa tata. Alikuwa anasikilizaka radio ya bantu ya pwani, kiisha anaturekebisha ku meza: si mutoto, ni mtoto. Akavaa miwani, akasoma, akaruka.

"Kwa Kiswahili safi, kinga ni ulinzi! Binti yangu anarudi na walinzi. Amekuwa mtu mkubwa wa serikali!"

Mama akamwambia: "Tata Mukendi, kinga ni kinga. Na ndege gani inashukaka Dilolo?"

"Nyamaza wewe, hukusoma."

Mi nilicheka kimya-kimya. Ilifaa nicheke kwa nguvu, asikie! Mpaka leo ninajikasirikia.

Akaita shefu ya kartié, ule mukubwa ya mutaa, akaita pasteur ya kanisa, akaita bakubwa ya kazi yake ya gare ya treni. Siku ya posho, saa sita, bantu makumi mbili beko bamekaa mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu, na makoti, bananyoosha shingo, banangoja motoka yenye bendera. Kukafika kinga. Pneu ya gurudumu imefungwa na bipande bya mupira. Juu yake mutu mwembamba, mavumbi mpaka mu kope, amevaa pantalo, suruali ya banaume. Wakati ule serikali ilikuwa imekataza banamuke pantalo.

"Yo! Ni mwanamuke!" mutu mumoja akasema. Mwengine akauliza: "Na balinzi beko wapi?" Kicheko kikapita mu viti.

Tshibola akashuka, akatoa salamu ya kwetu. "Moyo, tata. Nimefika."

Tata akamukaribia, akasema chini-chini, lakini bote tulisikia. Hasira ilimuondolea Kiswahili safi yote. "Rudia nyuma. Enda kwa shangazi yako, uoge, uvae kikwembe ya kitenge, uache hii kitu kule. Ukuje na taxi. Nitasema ndege ilichelewa."

"Hapana."

"Basi munyumba yangu hauingie."

"Tata, nilitoka Liège mpaka Lisboa na hii kinga. Nikapanda meli mpaka Lobito, ku bahari ya Angola. Pale nikafuata njia ya treni: Angola yote, Dilolo, Kisenge, mpaka hapa. Baaskari ya Bareno balinisimamisha mara kumi na moja. Sikurudia nyuma. Sasa nirudie sababu ya majirani?"

Tata akaingia munyumba, akafunga na ufunguo. Tulisikia ginsi ulizunguka, mara mbili. Tshibola akaegemeza kinga ku ukuta, akakaa chini mbele ya mulango. "Sitoki hapa mpaka nipite humu," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa sababu ya mavumbi.

Hapo njo mama alitoka ku jikoni. Alibeba sahani ya kuku, akapita mbele ya shefu, akapita mbele ya pasteur, akaiweka mu magoti ya mutoto yake. Kiisha akatafuta mu supu na kijiko, akatoa firigisi.

Unapashwa kujua: kwetu Bakasai, bantu ya asili ya Kasai, firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba. Mwanamuke haiguse. Mama alipika kuku miaka makumi tatu na hajui utamu yake.

"Kula," mama akasema, kwa sauti ya kusikika munyumba. "Ule anayetoka mbali njo mwenye nyumba leo."

Tshibola akaikula yote, anaangalia mulango. Mi nikabeba kiti yangu, nikaenda kukaa karibu naye. Pasteur akafuata. Shefu akakohoa, akamuita raia, vile serikali ilitaka: "Citoyenne, hii pantalo..."

Tshibola akamujibu: "Citoyen, panda kinga na kikwembe mpaka Dilolo. Ukirudia, tutasemezana."

Hata shefu alicheka. Viti vyote vikageuka, bantu banauliza: bahari iko mukubwa namna gani, Bareno banakulaka nini, ulilala wapi. Hakuna mutu aliyeuliza tena balinzi.

Saa mbili zikapita, ufunguo ukazunguka. Tata akatokeza kichwa. Hakuangalia bageni.

"Kila siku ku gare ninaandika Lobito ku makaratasi ya bawagon ya treni ya shaba," akasema. "Miaka makumi mbili na mbili. Lobito, Lobito. Sijafikaka kule. Iko namna gani?"

Tshibola akapanguza mikono mu pantalo. "Nitakuambia munyumba, tata."

Tata akafungua mulango yote. "Ingia."

"Na kinga?"

"Kinga ibakie inje."

"Basi na mi nabakia inje."

Tata akaangalia ile kinga, akaangalia mama, akaangalia sahani. Kiisha akatoka na miguu tupu mbele ya shefu na pasteur, akaishika ku usukani, akaisukuma munyumba yeye mwenyewe.