Poda ya Mtoto kwenye Injini ya Baba

Naomba msicheke kabla sijamaliza, maana ndugu zangu wa Iringa wameshacheka vya kutosha na wengine wanaendelea mpaka leo. Mimi Zuhura, mtu mzima wa miaka thelathini na nne, niliwafukiza moshi watu waliokuja kumwombea marehemu baba yangu siku ya arobaini yake, tena kwa pikipiki yake mwenyewe.

Pikipiki yenyewe ni ya zamani, ya zile zinazochanganya oili na petroli, na baba aliitumia kupeleka vitenge hadi Tosamaganga, mimi nikiwa nyuma nimekumbatia mzigo (nimeshaanguka nayo mara mbili, sikumwambia mama). Ilikuwa na ugonjwa mmoja, kwamba kila wiki lazima uongeze oili ya gia boksi, wiki inayofuata haipo, na nyumbani sote tulikuwa tunasema inavuja. Sasa baba mkubwa Shabani, ndiye mkubwa wa ukoo, akaamua kuwa hataki niachwe njiani na chuma kibovu. Akamwita Mzee Mhoja, mfugaji wa Rujewa aliyekuwa rafiki wa baba na anazijua hizo pikipiki, aje kwenye hitima na pikapu yake.

"Tukimaliza dua Mzee Mhoja ataiangalia," akaniambia. "Kama inavuja, ataondoka nayo. Kama haivuji, ibaki kwako. Umesikia? Wewe tulia tu."

Kutulia! Mimi hata chai siwezi kuisubiri ipoe, naungua ulimi kila asubuhi. Niliitaka ile pikipiki kuliko kitu chochote kilichobaki mle ndani, na kukaa jikoni nachambua mchele huku hatima yake inangojea mtu wa Rujewa amalize pilau, hapana, miguu yenyewe ilinyanyuka. Nikasema niipime mwenyewe, dakika kumi tu, wakitoka kwenye dua wakute jibu.

Nilikuwa nimeona kwenye simu kwamba ukitaka kujua injini inavujia wapi unaisafisha, unaikausha, halafu unainyunyizia poda, oili ikitoka inaacha alama. Basi nikachukua poda ya mtoto dirishani, nikaenda uani na buibui langu jeusi (kosa la kwanza), nikaiosha injini kwa petroli na mswaki, nikajaza oili ya gia boksi mpaka kwenye alama, nikamwaga kopo zima la poda, na ule upepo wa kwetu Kihesa mnaoujua ukairudisha nusu yake usoni kwangu. Sikujali. Nikapiga kiki mara saba, ikawaka.

Nikachuchumaa nikakodoa macho. Dakika tano, injini nyeupe pee, hakuna hata tone! Moshi ulikuwepo, ndiyo, lakini nikajiambia hizi pikipiki zote zinatoa moshi. Furaha ikanipanda kichwani, sikuweza hata kungoja "amin" ya mwisho, nikaisukuma ikiwa inanguruma mpaka mbele ya turubai walipokaa wazee, nikaitia stendi ili waone.

Walichoona ni moshi. Ulikuwa mweupe, mzito, unanuka, na upepo ukageuka ukaupeleka wote chini ya turubai. Shehe alikuwa katikati ya dua, sauti ikakatika, akakohoa, wazee wakaitikia kwa kukohoa. Mimi nikadhani ni oili ya zamani imebaki kwenye ekzosi, kwa hiyo (jamani, kwa hiyo!) nikavuta mafuta hadi mwisho ili iungue iishe. Watu hawakuonekana tena, nilikuwa nasikia tu sauti ya baba mkubwa mle ndani.

"Zima! Zuhura, zima!"

Swichi ilikuwa imekufa zamani. Baba alikuwa anafunga petroli na kusubiri ijizime, lakini mimi na kusubiri mnatujua, nikashika waya wa plagi kwa mkono nikauchomoa. Umeme ulinipiga mpaka kwenye meno. Nikapiga yowe, "Mama yangu weee!", nikakaa chini puu, na pikipiki ikazima.

Moshi ukapungua, na shangazi Mwanaidi akatokea na mwiko wa pilau mkononi, akanitazama poda usoni, poda shingoni, poda kwenye buibui.

"Zuhura," akasema, "leo arobaini ya baba yako, wewe umetoka kumwagiwa poda kwenye sherehe ya nani?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini mdomo wangu haujawahi kujua pa kunyamaza. Nikasimama nikatangaza mbele ya wote: "Haivuji! Nimepima mwenyewe, tazameni poda, kavu!"

Mzee Mhoja akainuka taratibu, akafuta machozi ya moshi, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama.

"Mwanangu, uliweka oili mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye alama."

"Na sasa imeshuka kidole kizima. Imeenda wapi?"

Nikainama tena kutafuta tone chini ya injini.

"Tumeivuta wote hapa puani," akasema. "Haivuji nje, inavuja ndani. Hapa upande wa klachi kuna sili, ule mpira wa kuzuia oili, imekufa, injini inanyonya oili ya gia, inaichoma."

Wazee wakaangua kicheko, hata shehe. Baba mkubwa hakucheka. Alisema tu, "Basi, inavuja," na wakaipakia kwenye pikapu ikiwa bado na poda yake. Nililia pale pale, wala sikujificha, kwa sababu nilijua kwamba ningemwachia Mzee Mhoja aiangalie kwa utulivu, angesema ni sili tu ya kubadilisha, na baba mkubwa angeniachia.

Wiki iliyopita Mzee Mhoja alinipigia simu. Amebadilisha sili asubuhi moja, pikipiki inakwenda vizuri, haimalizi oili tena, na nikitaka kuiona niende Rujewa. Nimemwambia nitakuja. Nitaizunguka, nitaisikiliza ikinguruma, lakini nimeapa, mikono yangu itakaa nyuma ya mgongo mpaka mwenyewe aniambie shika.