Usichinje, Baba

Darasa la sumu pale chuoni, nilikosomea udaktari wa mifugo, lilitufundisha dalili kwa mpangilio: mate, machozi, mtetemeko, kisha pumzi kukatika. Tulizikariri kama wimbo. Kwenye mtihani nilizipata zote, nikajiona mjuzi.

Likizo iliyofuata nilikuwa nyumbani, mbali kidogo na mji wa Isiolo. Beseni la dawa ya kupe liliachwa wazi baada ya mbuzi kunyunyiziwa, nao wakanywa. Nilipofika zizini niliona mate, nikaona machozi. Nilijua kinachofuata.

Baba alikuwa ameshashika kisu. Kwetu mnyama anayekufa huwahiwa. Hugeuzwa kibla na kuchinjwa kabla roho haijatoka, ili asiwe mzoga.

"Usichinje, Baba," nikasema. "Sumu iko ndani ya nyama. Atakayekula atafuata."

"Haina dawa?"

"Iko. Lakini mpaka tuitoe mjini, watakuwa wamekwisha."

Basi tukakaa. Walianguka mmoja mmoja, kwa mpangilio uleule wa darasani. Sikuhisi chochote. Nilikuwa nasahihisha kimoyomoyo: mtetemeko, sawa, pumzi, sawa. Majirani waliokuja na sufuria za kubebea nyama walirudi nazo tupu, bila kuniangalia.

Wa mwisho alipotulia, Baba alikifuta kisu kwenye kikoi chake, ingawa hakikuwa na damu.

"Kumbe hii ndiyo kazi mnayofundishwa huko," akasema. "Kutazama."