Barua Iliyofanana na Mwandiko Wangu

Katikati ya miaka ya themanini nilifundisha ngumbaru, darasa la watu wazima wasiojua kusoma, katika mtaa wa Kaloleni. Wanafunzi wangu walikuwa akina mama kumi na wawili, wengi wao wachuuzi wa soko la Kibuye, waliofika saa tisa alasiri katika chumba cha nyuma cha kanisa wakiwa bado wananukia vitunguu na samaki. Nilipewa darasa lile kwa sababu ya Kiswahili changu. Baba alikuwa Mjaluo, naye ndiye aliyenilea kanisani, lakini mama alitoka kwa Waislamu wa mjini, na Kiswahili ndicho tulichozungumza nyumbani. Ndiyo maana hata mtu aliyetaka kumwandikia mume au mwana aliye mbali alikuja kwangu.

Mwanafunzi wangu hodari alikuwa jirani yangu, mama aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Tulitenganishwa na ukuta mmoja tu. Chumvi ikiniishia niligonga ukuta, naye akaja nayo mlangoni. Alipoanza darasa hakujua hata kushika kalamu, nikawa namshika mkono tuandike pamoja. Siku aliyoandika jina lake bila mimi alilia, akanikumbatia, akaniambia, "Mwalimu, wewe si jirani tena. Wewe ni dada yangu."

Kaka yake jirani huyo alifanya kazi Nairobi. Mkewe aliishi mtaani petu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa mwanamke mpole, asiye na mtoto. Siku moja mume alishuka kutoka Nairobi bila taarifa, akiwa na barua mfukoni. Barua ilisema kwamba mkewe anamwingiza mwanamume ndani. Hakuuliza sana. Kesho yake mke alirudishwa kwao Ahero, na mwili wake ulikuwa na alama za mkanda.

Barua haikuwa na jina la mwandishi. Lakini ilikuwa kwa Kiswahili, ilhali watu wetu wakiandika wenyewe huandikiana kwa Kijaluo. Na mwandiko, kila aliyeuona alisema ni wangu.

Wazee wa kanisa waliniita Jumapili baada ya ibada. Walikuwa watatu, na akina mama wa darasa walikaa nyuma, wote. Mzee mkubwa aliweka mezani ile barua, na kando yake barua niliyowahi kumwandikia yeye mwenyewe kwa mwanawe. "Linganisha," akaniambia.

Nililinganisha. Ile "g" yenye mkia mrefu ilikuwa yangu. Ile "t" iliyokatwa kwa kupanda juu ilikuwa yangu. Kwa dakika nzima nilijitazama kama mtu mwingine, nikijiuliza kama inawezekana niliandika nikasahau.

Kisha nikasoma maneno. "Kaka, mtu huyo huja ashubuhi." Mstari wa chini: "Njoo shasa."

Nilijua papo hapo. Wanafunzi wangu wengi walisema "sida" badala ya "shida," nami niliwasumbua sana kuhusu hiyo "sh." Mmoja wao tu ndiye aliyeishika vibaya hadi akaitia kila mahali, penye haki na pasipo haki. Nilikuwa nikimsahihisha "ashubuhi" kila wiki, tukicheka naye.

Niliinua macho nikamtafuta jirani yangu. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, leso yake imekunjwa magotini, ananitazama bila kupepesa.

"Wazee," nikasema, "mimi siandiki 'ashubuhi.' Someni barua zangu zote."

Mzee mkubwa akatikisa kichwa. "Mwalimu ni mtu wa akili. Ukitaka kujificha utakosea makusudi."

"Na mwandiko? Wanafunzi wangu wote wanaandika hivi. Walinakili herufi zangu ubaoni!"

Nyuma yangu akina mama wakanung'unika. Nilikuwa nimewatia wote katika shutuma kwa sentensi moja, na nilihisi chumba kikinigeukia.

Mzee wa pili akamwita jirani yangu, kwa kuwa anaishi karibu nami. Akamuuliza kama aliona chochote. Akasimama polepole.

"Mimi sitaki kusema vibaya juu ya Mwalimu," akasema. "Lakini ile Jumamosi nilimwona anaandika. Nikamuuliza ni ya nani, akaifunika na mkono."

Jumamosi ile niliandika, kweli. Nilikuwa nikiandika sentensi za imla kwa ajili ya darasa, na niliifunika karatasi kwa sababu yeye mwenyewe angeandikishwa zile sentensi Jumatatu. Alichosema kilikuwa kweli, neno kwa neno.

"Mpeni kalamu," nikasema. "Aandike 'asubuhi' hapa mbele yenu."

Akaanza kulia. "Mimi mama wa omena, nitaandika barua aje? Na huyo ni kaka yangu! Nitavunja nyumba ya kaka yangu mwenyewe?"

Mzee mkubwa akasema kanisani hapafanywi mtihani. Mimi nikakimbia nyumbani kuleta daftari lake, kwa maana nilihifadhi madaftari yote kwenye sanduku chini ya kitanda. Niliyahesabu mara tatu. Yalikuwa kumi na moja. Niliporudi nikawaambia daftari lake halipo, nilisikia mwenyewe jinsi jambo hilo linavyosikika. Kwangu ulikuwa ushahidi kamili. Kwao nilikuwa mtu aliyetoka mbio na kurudi mikono mitupu.

Hawakunihukumu. Walisema jambo halijathibitika, ila Mwalimu apumzike kidogo na darasa. Sikurudi tena. Jioni ile mume wangu aliniwekea chai, akaketi mbele yangu, akasema kwa sauti ya upole, "Sasa niambie mimi peke yangu." Sikuinywa ile chai.

Baada ya mwezi, vitu vya jirani vilihamishiwa kwenye nyumba ya kaka yake ya vyumba viwili. Eti anaitunza.

Hapo nikapanda gari kwenda Ahero kumtafuta yule mke. Nilitaka asikie kutoka kinywani mwangu. Nilimkuta anaanua mpunga, maji ya mafuriko yameacha tope hadi mlangoni. Nilianza kujieleza, akaninyamazisha kwa mkono.

"Najua si wewe," akasema. "Nilijua siku ile ile. Mtu aliyetajwa kwenye barua ni fundi aliyeziba bati mvua ilipovuja. Alikuja asubuhi mbili. Aliyemleta ni wifi yangu mwenyewe, na hakuna mwingine aliyekuwepo."

Nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. "Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Alikuwa na haki. Wazee hawakumwita. Mimi pia, siku zote nikitafuta herufi na madaftari, sikufikiria kumuuliza yeye aliyekuwa ndani ya nyumba ile.

"Basi nakuomba sasa," nikamwambia. "Njoo uwaambie wazee."

Akaendelea kuzoa mpunga. "Mwalimu, bwana yangu ametuma watu. Anataka kunirudisha. Nikimtaja dada yake, sirudi tena kwake. Ulikuja vizuri, lakini mimi sitasema."

Na hakusema. Mwaka uliofuata alikwenda Nairobi kwa mumewe, na habari ikawa kwamba ile barua ilikuwa uongo wa Mwalimu, na mume amempokea mkewe. Yule niliyemfundisha alinitosa, nikaumia. Lakini huyu aliyejua ukweli wote aliinunua ndoa yake kwa jina langu, na hasira hiyo ilinichukua miaka mingi zaidi kuizoea. Nilimwelewa, na kumwelewa hakukunisaidia.

Miaka ya tisini ilipoingia nilikuwa nikishona nguo za shule, na mtaani bado watu walipeleka barua zao kwingine. Siku moja Kibuye sauti ikaniita kutoka kwenye meza za omena.

"Mwalimu! Mbona hununui kwangu? Bado una hasira?"

Alikuwa amenenepa, mvi zimeanza. Nikasimama mbele ya samaki wake. "Niambie tu. Ni wewe uliyeandika?"

Akapepeta omena kwenye ungo, akipuliza makapi. "Hayo wazee walishaamua," akasema.

"Hawakuamua chochote."

"Basi," akasema, akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja.

Nikavuka upande wa pili wa soko, nikanunua omena kwa mama nisiyemjua.