Eda Asiyoikaa Bi Mize

Kaa nikusimulie, mwalimu kijana, maana kazi unayoianza wewe niliianza mimi mwishoni mwa miaka ya hamsini, katika skuli ya Tumbe, hapa Pemba. Siku ya kwanza Mwalimu Mkuu alinitaka andalio la somo, yaani mpango wa kile nitakachofundisha na maswali nitakayouliza. Akalisoma, akanirudishia.

"Vita vya Ulaya vifundishe kama vilivyoandikwa, bwana. Usitie chumvi."

Nikavifundisha hivyo, kwa watoto ambao wajomba zao walikwenda kuvipigana na hawakutajwa popote.

Baada ya miaka michache nikachaguliwa kwenda Uingereza kusomea ualimu. Kabla ya kupanda meli bandarini Mkoani, nilipita Shumba kumuaga shangazi yangu, Bi Mize. Mumewe, Kombo, alichukuliwa upagazi wa jeshi, akapelekwa Bama, yaani Burma, jirani na Bara Hindi, wakati wa vita vya Hitla. Wenziwe walirudi. Yeye hakurudi, wala haikuja habari.

Ufahamu vizuri uzito wake. Mwanamke hakai eda, ule muda wa kutulia ndani baada ya kufiwa, mpaka ithibiti kwamba mume amekufa. Kadhi alikuwa tayari kumvunjia ndoa ili aolewe tena, lakini Bi Mize alikataa. Aliona kukubali ni kuyapa nguvu maneno ya watu, kwamba Kombo kamwacha.

"Wananambia kapata Mhindi huko," alisema. "Kombo! Aliyekuwa akiniogopa hata mimi!" Akacheka, kisha akanishika mkono. "Mwanangu, unakwenda kwa wenye vita vyao. Niulizie. Kama kafa, nikae eda yangu. Sitaki kuzikwa nikiitwa mke aliyetupwa."

Chuoni tulipelekwa ziara ya makaburi ya vita. Ziara ni njia nzuri ya kufundisha: mwanafunzi anagusa jiwe, anasoma jina na umri, na vita vinakuwa vya watu. Kiongozi wetu alikuwa kapteni mstaafu, mtu mpole, naye alipigana Bama. Mawe yalipangwa sawasawa, majani yamekatwa. Hata maiti asiyejulikana alikuwa na jiwe lake.

"Hatumwachi mtu wetu," alisema kapteni.

Nikamuuliza wapagazi wa Pemba wameandikwa wapi.

"Wapagazi?" Alifikiri kwa dhati. "Walikuwa hodari sana. Walitubebea risasi milimani. Majina yao, kwa kweli, sisi hatukuyajua. Mtu akianguka njiani tulichukua mzigo, tukaendelea."

"Mzigo mliuchukua?"

"Ilibidi. Zilikuwa risasi."

Nilirudi na cheti changu na maneno hayo. Bi Mize aliyasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa huko ni kufa au siko kufa?" Tukaenda kwa Kadhi. Alisikitika, lakini akasema, "Kapteni hakumtaja Kombo. Siwezi kumfisha mtu kwa dhana, Bi Mize." Alisema haki. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba hata mwenye haki hakuwa na la kumpa.

Shangazi alifariki akiwa bado mke wa mtu. Siku ya mazishi nilimsikia bibi mmoja akinong'ona, "Masikini, alitupwa."

Nilipojaribu kuwafundisha watoto habari za wapagazi, Mkaguzi wa Elimu, ambaye kazi yake ni kupima masomo yetu, alikaa nyuma ya darasa, kisha akaniita nje. "Mtihani hauulizi hayo, mwalimu." Na kweli, hadi nastaafu mtihani haukuwahi kuuliza.

Usivunjike moyo kwa hayo. Una chaki, una watoto, na darasani kwako hakuna aliye karibu nao kuliko wewe. Kesho waambie wakaulize nyumbani ni nani wa ukoo wao alikwenda vitani asirudi. Waje na jina lake, la baba yake na la babu yake. Kisha kila mmoja asimame alitaje kwa sauti.